Alama ya Radi Isikudanganye

Ninyi vijana mnaokaa siku hizi kwenye vibanda vya kuchajia, kando ya barabara ya Panda, nawaona kila ninapopita kwenda misa. Mteja anakuja na laptop kwapani, anauliza kwa nini ya jirani yake imejaa kabla maharage hayajaiva, na yake imelala kwenye umeme tangu asubuhi na bado inalia njaa. Mnamjibu kwamba betri imezeeka. Ni jibu jepesi, na mara nyingi si kweli. Mimi nilikaa kwenye benchi kama hilo lenu mpaka macho yaliponigomea, kwa hiyo niacheni niseme machache niliyoyashika. Mtakapopata pa kucheka, chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka, enzi hizo.

Kazi hii sikuichagua. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, tukakaa kambi ya wafanyakazi hapa hapa Panda, nyumba zimepangana kama vipande vya sabuni dukani. Kifua kilimwua baba, na mama akamfuata kabla hatujavua vitambaa vya matanga. Tulikuwa wanne. Mimi ndiye mkubwa, kisha Alphonse, kisha Fidèle, kisha Mado ambaye meno yake hayakuwa hata yametimia. Mtawa aliyenifundisha shule alikuja nyumbani kuniomba nirudi darasani. Akanikuta nafua nguo za watoto. Alishika upande wa pili wa shuka, tukaikamua pamoja, akaenda zake na hakurudi.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo lazima mlijue. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza. Ananawa kwanza, anamega bukari kwanza, na mgeni akija yeye ndiye anayesema kwanza. Bukari ni ugali wetu, wa mahindi na muhogo. Wazazi walipoondoka, nafasi hiyo ikawa yangu, wazee wa ukoo wakanikalisha mbele ya watu ili kila mmoja aone. Lakini kulikuwa na siku ambazo chungu hakikutosha. Siku hizo niliugeuza utaratibu. Nilisema, "Leo tunaanza chini," nikampakulia Mado, kisha Fidèle, kisha Alphonse, nami nikabaki na mwiko.

Watoto wakayazoea maneno yale. Wakisikia "tunaanza chini" walijua unga umekwisha. Mado alikula tu, alikuwa mdogo. Alphonse aliinamisha kichwa. Fidèle peke yake ndiye aliyeuliza, kila mara, tonge la kwanza likiwa bado mkononi: "Yaya, na weye utakula nini?" Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, awe mwanamke au mwanamume. Nami nilimjibu jibu moja siku zote, kwamba mimi nimekwisha onja jikoni: "Minye nilishaonja ku jiko." Hakuniamini hata siku moja. Lakini alikula, na mimi nilitaka hilo tu.

Aliyenifundisha ufundi ni Papa Kazadi. Babake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, yeye mwenyewe akawa fundi umeme wa kiwanda, na alipostaafu akafungua meza ya kutengenezea redio barazani kwake. Alinichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na vyake vimeanza kutetemeka. Alikuwa na tabia ya kutukana nyaya. Waya mzuri alimwita mkwe, waya mbaya alimwita shemeji asiyeoa. Redio zikaisha, zikaja simu, simu zikaleta laptop, naye akawa anazitazama kwa mashaka kama mtu aliyeletewa mjukuu asiyemjua. Lakini alichonifundisha kwenye redio kilinitosha kwa vyote vilivyofuata.

Alinifundisha kupima joto kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa kiganja cha fundi kimeota sugu na kinadanganya. Tulikuwa na chaja moja ambayo kebo yake ilichemka karibu na kichwa. Alinishika mkono, akauweka pale. "Ile moto unasikia," akaniambia, "ni chakula inamwangika mu njira." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo. Chaja ni jiko, kebo ni njia, laptop ni tumbo. Tumbo likichelewa kujaa, usikimbilie kulilaumu. Tazama kwanza jiko lina ukubwa gani, kisha tembea njia yote kwa mkono wako utafute panapomwagika.

Ukubwa wa jiko umeandikwa mgongoni mwa chaja, kwa herufi ndogo ambazo ndizo zilizonimaliza macho. Chukua volti za kutoka, zidisha kwa ampea, utapata wati. Laptop inayotaka wati sitini na tano ukiipa chaja ya arobaini na tano, itajaa, lakini polepole, na mwenyewe akiwa anaitumia itapanda kwa kuvuta miguu. Ukiipa chaja kubwa zaidi yenye volti zile zile, haitadhurika, maana tumbo lenyewe ndilo linaloomba kiasi chake. Wateja wengi huogopa kinyume. Wanaogopa chaja kubwa wanaikumbatia ndogo.

Sasa njia. Kwaya ya parokia yetu ilikuwa na laptop ya kupigia ala za nyimbo, betri yake ilikwisha kufa. Mwalimu wa kwaya, mtu mwema sana, alitaka kuiweka juu kwenye roshani, na soketi ilikuwa chini kabisa. Badala ya kurefusha upande wa soketi, alikata ule waya unaotoka kwenye chaja kwenda kwenye laptop, akauunga kwa waya wa kengele ya mlangoni, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, ukapanda ukuta mpaka juu. Nyimbo za taratibu zilikwenda vizuri. Kila walipofika Gloria, wimbo wa utukufu, wakiongeza sauti, laptop ikazimika. Alikuja kwangu na uso mzito, akaninong'oneza kwamba kuna kitu ndani ya mashine ile kisichopenda sifa za Mungu. Nilimwambia pepo namjua, anaitwa waya mwembamba. Volti zilizotoka chini zikiwa kumi na tisa zilifika juu zimechoka, zikatosha wimbo wa toba tu. Tukauondoa waya wa kengele, tukarefusha upande wa soketi kwa waya mnene, Gloria ikaimbwa hadi mwisho. Kwa muda mrefu wanakwaya walinisalimia kama mtu aliyefukuza pepo.

Na chaja za mdomo wa mviringo, ambazo bado mtazikuta, nyingine zina sindano katikati. Sindano hiyo ndiyo inayoiambia laptop chaja hii ni ya nani na ina nguvu kiasi gani. Mnunuzi mmoja wa madini kutoka machimbo ya Kamatanda aliona sindano yake imepinda, akaing'oa kwa koleo kwa sababu "ilikuwa inazuia kuingia." Baada ya hapo laptop iliwaka lakini ikakataa kabisa kujaza betri. Ilikuwa kama mtoto aliyefundwa asipokee chakula kwa mtu asiyemjua. Yule bwana alibaki akisema, "Lakini sasa inaingia muzuri."

Hilo neno, "inaingia muzuri," ndilo ugonjwa wa zama zenu. Papa Kazadi hakuishi kuona midomo hii mipya bapa, mmoja kwa simu, kwa laptop, kwa taa, kwa kila kitu. Nadhani angeitukana sana. Zamani kitu kisichofaa hakikuingia, ukajua mara moja. Leo kila kitu kinaingia. Chaja ya simu inaingia kwenye laptop, alama ya radi inatokea kwenye kioo, na mtu anaondoka ameridhika. Hata kebo zenyewe zinafanana kwa sura tu. Zile za nguvu kubwa zina kijidude ndani kinachoiambia chaja kwamba njia itahimili, na kisipokuwepo chaja nzuri hujizuia. Nyingine ndefu na nyembamba zimetengenezwa kwa simu, hazina haraka. Mteja akija, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kebo kwanza, kwa sababu ndiyo inayokanyagwa. Kisha chaja. Kisha tazama mdomo wa laptop kama umelegea. Betri iwe ya mwisho.

Na usitazame alama ya radi. Tazama tarakimu, ile asilimia ya chaji. Alama inasema tu kwamba kuna kitu kinaingia. Haisemi kama kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka.

Fidèle alikua akawa kijana mrefu, mcheshi, asiyetulia. Alichimba Kamatanda kwa muda, mashimo yale yakamtisha, akaondoka. Alipita Zambia, akateremka mpaka Afrika Kusini, akalinda magari ya watu kwenye maegesho, akaoa huko mwanamke wa kwetu. Mado alipoanza kufundisha shule ya msingi, Fidèle alimtumia laptop kwa mkono wa dereva wa lori. Ilikuwa nzuri, nyepesi, na chaja yake ilikuwa ya kweli. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ukaiunguza chaja ile. Mimi nilikuwa nimekwisha weka kazi chini, meza nimeikabidhi kwa wengine. Mado akanunua chaja ya simu sokoni, yenye kebo ndefu, kwa sababu iliingia vizuri.

Naye hakuona tatizo lolote. Alizima laptop jioni, akaifunga, akaichomeka, na umeme ulipokuja usiku ikajaa kidogo kidogo mpaka alfajiri. Sisi watu wa umeme wa kuja na kwenda tuna upofu huu: chaja tunaipima kwa asubuhi. Hatuulizi inajaza kwa kasi gani. Tunauliza tu, tulipoamka, ilikuwa imejaa? Na kama ilikuwa imejaa, tunasema ni chaja nzuri.

Fidèle aliugua tumbo. Alificha, kama wanavyoficha walio mbali, mpaka hakuna tena cha kuficha. Mkewe akatuambia watampasua siku ya Jumatatu, na kwamba madaktari hawakuahidi kitu. Tukapanga tuonane naye Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Mado, kwa laptop, ili tumwone uso mkubwa, si ule uso wa simu unaotosha kwenye kiganja. Lakini Jumamosi asubuhi mkewe alipiga: wameuwahisha upasuaji, wanamchukua leo, kama mnataka kumwona ni sasa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme haukuja. Ulirudi asubuhi hiyo hiyo, umelegea, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umewasha majiko ya umeme kwa pamoja. Nilipofika kwa Mado, Alphonse alikuwa ametangulia, na laptop ilikuwa imekwisha funguliwa mezani, imechomekwa, alama ya radi inawaka. Chaji ilikuwa chini ya robo. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye chaja, ilikuwa inaunguza. Nikafuata kebo mpaka kwenye mdomo, nikaukuta umelegea, ukiguswa kidogo radi inatoweka. Simu ya Mado, iliyotupa mtandao, nayo ilikuwa imechomekwa kwenye laptop hiyo hiyo ikinyonya. Nikaitoa. Nikapunguza mwanga wa kioo. Nikashika mdomo wa kebo kwa vidole viwili ukatulia. Kisha nikatazama tarakimu kwa muda, nikaona inashuka.

Radi inawaka, na tarakimu inashuka.

Nilijua maana yake. Picha na sauti kwa pamoja hula sana, na chaja ile ililisha kidogo. Ningeweza kuzima picha tukabaki na sauti tu, tungepata muda zaidi. Lakini walikuja kuona uso wake. Na nilijua kwamba nikimwambia Alphonse ukweli, ataniketisha mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye yaya, na Mado atabaki na kilichobakia. Tena mtu akitoka kwenye ile kebo kwenda kukaa mbele ya kamera, mdomo utalegea, hata kile kidogo kitakatika. Katika chumba kile vidole vilivyojua kushika pale vilikuwa vyangu tu.

Alphonse, ambaye ni katekista na ana mvi kunizidi, aliweka kiti katikati. "Yaya, ikala hapa," akasema.

Nikamwambia hapana. "Leo tunaanza chini."

Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. "Tangu papa alikufa, ni weye unaanzaka," akasema. "Fidèle akituona hivi atawaza nini?"

"Minye njo yaya, na minye nasema. Mado, ikala."

Mado akakaa. Uso wa Fidèle ukaja, umekwisha, mifupa imetangulia ngozi, lakini macho yalikuwa yale yale. Mado alikuwa ametayarisha maneno, yakamkimbia yote, akalia. Fidèle akamwacha alie kidogo, kisha akamwuliza kwa sauti nyembamba, "Madame, banafunzi yako bakikuona vile, batasema nini?" Mado akacheka huku kamasi zinamtoka. Wakazungumza. Mado alimshukuru kwa laptop. Alimweleza habari za mtoto wake wa kwanza, kwamba anatembea kama mjomba wake, miguu mbele ya akili. Sikuharakisha mtu. Nilitazama tarakimu na kushika kebo, na vidole vikaanza kufa ganzi.

Kisha Alphonse. Huyo tangu zamani hawezi kusalimia bila dibaji. Alianza na salamu za parokia, za wagonjwa wengine wanaoombewa, akaingia katika sala, na sala ya Alphonse ina vituo kama njia ya msalaba. Nilimgusa kwa goti. Akafumbua jicho moja, akaniona, akasema amina mahali ambapo hapakuwa na mwisho. Fidèle alicheka, kicheko kikamwumiza. Kisha akatulia akitazama kioo kwa namna ya mtu anayehesabu watu mezani.

"Mado njo alianza," akasema. "Sasa ni weye, Alphonse."

Alphonse akaitikia.

Fidèle akatabasamu. "Kumbe leo tumeanza chini."

Alphonse hakuelewa bado. Mado hakuelewa. Kati ya wadogo zangu wote ni yeye tu, kwenye kitanda kile cha mbali, aliyejua kwamba unga umekwisha. Akainua macho, akanitafuta pembeni mwa kioo, mahali ambapo kamera ilikuwa inashika labda bega langu tu.

"Yaya," akasema, "na weye utakula nini?"

Laptop ikazimika.

Alphonse na Mado walitoka mbio na simu kutafuta mahali penye mtandao mzuri zaidi uani. Walimpata mkewe. Alisema kitanda kimekwisha sukumwa, mlango umefungwa. Jioni alipiga tena, na kutokana na jinsi Mado alivyoiweka simu mezani bila kuifunga, hatukuhitaji kuuliza. Alizikwa huko huko. Sisi hapa tuliweka kilio na picha yake, na watu wa Panda walikaa nasi kama inavyopasa.

Alphonse alileta baadaye chaja nzuri kutoka Lubumbashi, na kebo nene fupi. Laptop ya Mado sasa inajaa upesi, hata mtu akiwa anaitumia. Siku nyingine nikimtembelea huitazama tarakimu ikipanda, nikamsifu kwa kununua kitu sahihi, ingawa si yeye aliyekinunua, nasi tunalijua hilo wote wawili. Alphonse hakuniuliza kamwe juu ya siku ile. Kuna Jumapili moja tu, mezani kwake, alichukua mwiko kutoka mkononi mwangu, akanipakulia mimi kwanza, akasimama hapo mpaka nilipomeza.

Kwa hiyo, wanangu, mtu akija kwenye kibanda chenu na chaja ya simu, akawaambia inaingia vizuri na asubuhi huikuta imejaa, msimcheke na msimwache aende hivyo. Mwulizeni ataitumia lini na kwa kazi gani. Mwambieni aiwashe, aifanyishe kazi, kisha atazame tarakimu pamoja nanyi. Hamjui ni nani anayemsubiri upande wa pili.

Mimi, siku ile, walipokwisha kutoka nje, nilibaki mezani. Vidole vilikuwa bado vimeshika mdomo wa kebo, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na cha kulisha tena. Kwenye kioo cheusi niliona uso wangu tu. Alikuwa ameniuliza swali, na mkubwa haachi swali la mdogo wake likining'inia. Nikamjibu jibu lile la siku zote.

"Minye nilishaonja ku jiko."